Karani alichapwa, faili halikuonekana: nyaraka za Admeri Zheng He zilikwenda wapi?

Miaka ya 1470, mjini Beijing, karani mmoja wa Wizara ya Vita aliagizwa aingie masjala akatoe faili la zamani. Waziri Xiang Zhong alilitaka haraka, maana Ikulu ilikuwa imeuliza. Karani akapekua, akatoka mikono mitupu. Akachapwa, akarudishwa ndani. Siku tatu alifukua rafu, faili halikuonekana.

Lilikuwa faili la safari za baharini za Zheng He, towashi wa Ikulu ya China aliyeongoza misafara mikubwa ya meli mwanzoni mwa karne ya 15, mtu aliyekwisha fariki miaka arobaini na zaidi kabla ya hapo. Na halikuwa limepotea. Ofisa wa wizara hiyohiyo, Liu Daxia, alimtangulia karani, akalichomoa na kulificha. Waziri alipohoji inakuwaje faili la serikali liyeyuke ndani ya masjala ya serikali, Liu alikuwa amesimama palepale. Akajibu kwamba safari zile zilikula fedha na nafaka kwa mamia ya maelfu, na waliokufa walifika makumi ya maelfu. Hata kama mtu alirudi na vitu vya ajabu, taifa lilifaidi nini? Faili hilo hata lingekuwepo, akasema, lilistahili kuharibiwa ili jambo ling'olewe na mizizi yake. Waziri aliinuka kitini, akamwinamia, akakinyoshea kidole kiti chake: hiki hakitakawia kuwa chako. Kikawa chake kweli. Mwaka 1501 Liu Daxia aliteuliwa Waziri wa Vita.

Kisa kimepangika vizuri mno, na hapo ndipo pa kukitilia shaka. Aliyekiandika kwa urefu huu ni Yan Congjian, mwaka 1574, karibu miaka mia moja baada ya tukio. Kwake yeye, Liu alificha. Waandishi waliomfuata wakasema alichoma. Historia rasmi ya utawala wa Ming, iliyokamilika mwaka 1739, nayo inamtaja Liu huyuhuyo akificha faili, ila inasema lilikuwa la vita vya Annam, yaani Vietnam ya leo, wakati towashi mmoja mwenye nguvu Ikulu, Wang Zhi, alipotaka nchi hiyo ivamiwe upya. Yaweza kuwa visa viwili vya mtu mwenye mazoea ya kuficha mafaili, au kimoja kilichogawanyika midomoni mwa watu. Binafsi naamini alificha kitu, na moto ukaongezwa na wasimulizi, kwa sababu moto unanoga zaidi kusimulia kuliko rafu ya nyuma. Kwa sisi tunaotafuta karatasi hizo leo ni yaleyale: kasha ni tupu.

Kasha la admeri, kwa kawaida, halikosi vitu. Kuna batli, daftari ambamo nahodha huandika kila siku upepo, mwelekeo na yaliyotokea. Kuna amri zilizopokewa na zilizotolewa, hesabu za posho na chakula, ramani zilizochorwachorwa kwa mkono, barua za nyumbani. Admeri Nelson wa Uingereza alipouawa Trafalgar mwaka 1805, barua yake ya mwisho kwa Emma Hamilton ilikutwa wazi juu ya meza chumbani mwake melini, na hadi leo imehifadhiwa. Kwa Zheng He hatuna barua hata moja ya mkono wake. Hatuna batli. Hatuna nakala ya ripoti aliyompelekea mfalme wake. Hata hivyo watu wanaandika maisha yake kwa miaka na tarehe, wanataja bandari, wanataja idadi ya watu melini. Wanayatoa wapi?

Cheo chenyewe nacho kina utata. Zheng He hakuitwa admeri na mtu yeyote wa zama zake. Alikuwa towashi wa Ikulu, mkuu wa idara ya watumishi wa ndani, na kwenye mawe aliyoyachongesha anajitaja kuwa mjumbe mkuu. “Admeri” ni kilemba alichovishwa na waandishi wa Magharibi. Hakimpwayi sana. Neno hilo asili yake ni “amir” ya Kiarabu, ndugu wa damu wa “amiri” tunayoitumia katika amiri jeshi, na mtu aliyekabidhiwa roho zaidi ya 27,000 azivushe bahari ni amiri kwa kipimo chochote.

Kaburi la baba

Maandishi ya kwanza kabisa kumhusu yapo juu ya kaburi. Si lake, la babake, huko Kunyang katika jimbo la Yunnan, kusini magharibi mwa China. Mwaka 1405, muda mfupi kabla ya safari ya kwanza, Zheng He alimwomba Waziri wa Ibada, Li Zhigang, atunge maneno ya kuchongwa kwenye jiwe la marehemu. Humo tunaambiwa kwamba ukoo ni wa Ma, kwamba baba aliitwa Haji na babu naye Haji, kwamba marehemu alikuwa mtu wa kusaidia maskini na wajane bila kuchoka, na kwamba alifariki mwaka 1382 akiwa na umri wa miaka 39. Aliacha watoto wa kiume wawili, Wenming na He, na mabinti wanne.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa maana ya ukoo wenye Haji wawili mfululizo. Ni Waislamu, na walioweza kusafiri; au, kwa uchache, walioheshimiwa kwa kiasi cha kuitwa hivyo.

Jiwe linanyamazia jambo moja. Mwaka ule wa 1382 ndio majeshi ya Ming yalipomaliza kuiteka Yunnan kutoka kwa Wamongolia. Kijana He, mwenye miaka kama kumi na mmoja, alikamatwa, akahasiwa, akapelekwa kaskazini kumtumikia mwana wa mfalme, Zhu Di, aliyekuja kutawala kwa jina la Yongle. Waziri aliyetunga maneno ya jiwe alijua hayo yote. Hakuandika neno. Nani angeandika, wakati mwenye kulipia jiwe ndiye mhusika, na mwenye kiti cha ufalme ndiye bwana wake?

Nyuma ya jiwe hilo kuna mstari mfupi ulioongezwa baadaye, na kwangu mimi una uzito kuliko sifa zote za upande wa mbele. Unasema kwamba mwana wa pili wa ukoo wa Ma, towashi Zheng He, alikuja kwa ruhusa kuzuru makaburi ya wazee wake, akafika mwezi wa kumi na moja wa mwaka wa tisa wa utawala wa Yongle, yaani mwishoni mwa 1411, akakaa wiki kadhaa, akarudi. Hapo alikuwa amekwisha maliza safari tatu. Majina yote mawili yamo katika mstari mmoja: Ma aliyozaliwa nayo, na Zheng aliyopewa na mfalme mwaka 1404 kwa kazi yake katika vita vilivyomweka Zhu Di madarakani. Katika kila kilichobaki, hapa ndipo tunapomkaribia zaidi mtu mwenyewe.

Mawe mawili yaliyoirekebisha historia rasmi

Safari zilikuwa saba. Sita za kwanza zilifanyika chini ya Zhu Di, aliyetawala kwa jina la Yongle, kati ya 1405 na 1422. Yongle akafa mwaka 1424, mrithi wake akazisimamisha mara moja, na Zheng He akapewa ulinzi wa mji wa Nanjing. Ya saba aliitoa mjukuu wa Yongle, nayo ilichukua miaka ya 1431 hadi 1433.

Nimeziandika kana kwamba ni jambo linalojulikana tangu zamani. Halikujulikana. Hadi miaka ya 1930, wasomi waliokuwa wakitegemea historia rasmi ya 1739 walikuwa na tarehe zilizoparaganyika: safari ya 1407 hadi 1409 haikuonekana, na shughuli ndogo ya kwenda Palembang, bandari ya kisiwa cha Sumatra, mwaka 1424 ilihesabiwa kuwa safari kamili. Hesabu ilitimia saba, lakini ilikuwa saba ya uongo. Kilichoinyosha ni mawe.

Mwaka 1431, meli zikisubiri upepo kwa safari ya mwisho, Zheng He na wenzake walichonga maandishi mawili ya kumshukuru Tianfei, mungu wa kike wa mabaharia wa China. Moja liliwekwa Liujiagang, karibu na mdomo wa mto Yangtze. Jingine Changle, pwani ya Fujian. Jiwe la Liujiagang limepotea, ila mtu wa zama za Ming alikuwa amelinakili kwenye mkusanyo wa maandishi ya eneo lile, na nakala ikagunduliwa mwaka 1935. La Changle limepatikana lenyewe, likiwa na herufi 1,177. Yote mawili yanaorodhesha safari moja baada ya nyingine: mwaka wa kwenda, mwaka wa kurudi, nchi zilizofikiwa, mapigano yaliyotokea. Profesa wa Kiholanzi, Duyvendak, alizilinganisha na kumbukumbu za Ikulu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930, na tarehe tunazozitumia leo ni matunda ya kazi ile.

Ukisoma jiwe la Changle unamsikia mzee wa miaka sitini akitoa hesabu ya maisha yake kabla hajaitwa tena. Anasema wamevuka maji mapana zaidi ya li laki moja (li ni kama nusu kilomita), wameona mawimbi yaliyoinuka kama milima hadi mbinguni, na nchi za mbali zilizojificha ndani ya ukungu wa bluu, matanga yao yakiwa yametandazwa kama mawingu usiku na mchana. Kisha anarudi kwenye shughuli: Chen Zuyi, mharamia wa Palembang, alikamatwa, Alagakkonara wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, alishindwa, Sekandar wa Sumatra alitiwa mbaroni. Mtindo ni wa ofisa anayejua kwamba faili linaweza kupotea. Sisemi alitabiri ya Liu Daxia. Ila aliyekaa Ikulu miaka hamsini, akashuhudia safari zikifutwa kwa tamko moja la mfalme mpya, hakuhitaji mganga wa kumtazamia.

Barawa, wala si Malindi

Msomaji wetu hapa anakuwa amekwisha jiuliza: na sisi je?

Jiwe la Changle linaeleza safari ya tano, ile ya 1417, kwa orodha ya wanyama. Hormuz, mdomoni mwa Ghuba ya Uajemi, walitoa simba, chui na farasi. Aden walitoa qilin, mnyama wa heri katika hadithi za Kichina, ambaye, jiwe linaongeza, wenyeji humwita “zulafa”. Ni “zarafa” ya Kiarabu, yaani twiga, imesikika kwa sikio la Kichina na kuchongwa kama ilivyosikika. Mogadishu walitoa simba na punda milia. Barawa walitoa ngamia wenye mbio na mbuni, anayeitwa humo ndege ngamia.

Orodha inaruka kwenda Java na Calicut ya India. Malindi haimo.

Si kwamba Malindi haijulikani katika maandishi ya Kichina. Kumbukumbu za Ikulu zinasema wajumbe wake walifika na twiga mwaka 1415, na mfalme akatoka hadi lango la kasri kumpokea mnyama huyo. (Twiga mwingine alikuwa amefika mwaka mmoja kabla, kutoka Bengal, na ndiye mwenye ile picha maarufu akiwa na mlinzi wake ameshika kamba.) Ramani ya njia za baharini iliyochapishwa miaka ya 1620 ndani ya kitabu cha mambo ya kijeshi, ambayo wengi wanaiona kuwa imenakiliwa kutoka ramani za safari hizi, ina majina yanayosomeka Malindi na Mombasa. Kwa hiyo watu wa Malindi walifika China, na rubani wa Kichina aliweza kuichora pwani yetu. Lakini kutoka hapo hadi kusema “Zheng He alishuka Malindi”, kama inavyosemwa kwenye hotuba na sherehe, kuna maji mengi katikati. Meli zake zilizoea kugawanyika makundi; kundi moja likienda Hormuz, jingine lilipinda kusini. Hakuna maandishi ya wakati wake yanayomweka yeye mwenyewe kwenye pwani ya Afrika kusini mwa Bahari ya Shamu.

Ma Huan, mkalimani Mwislamu aliyesafiri mara tatu katika misafara hiyo na kuacha kitabu kilicho bora kuliko vyote kuihusu, haielezi Afrika Mashariki hata kidogo. Anaeleza Calicut, Hormuz, Aden, hadi Makka. Aliyetuandika ni Fei Xin, askari, mwaka 1436: nyumba za mawe za Mogadishu na Barawa, na eneo la mto Juba.

Ushahidi wa vitu nao unahitaji mkono mwepesi. Mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na China walipata sarafu ya Yongle huko Mambrui, kaskazini mwa Malindi. Mwaka 2013 nyingine ikapatikana kisiwani Manda. Ni sarafu za shaba zenye tundu la mraba katikati, za utawala uleule uliomtuma Zheng He. Magazeti yalishangilia. Lakini Kajengwa, Makunduchi, Unguja, iliwahi kufukuliwa akiba ya sarafu za Kichina za zama za Song, utawala uliokwisha kabla Zheng He hajazaliwa, na hakuna anayedai kuna admeri wa Song aliyekwenda Makunduchi. Sarafu haina miguu. Hupanda chombo chochote. Vilevile sahani na bakuli za Kichina zilizotiwa kwenye nguzo za makaburi na kuta za misikiti yetu: zilikuja na wafanyabiashara, kwa awamu, kupitia Gujarat, Hormuz na Aden. Na masimulizi ya watu wa Pate kuhusu mabaharia wa Kichina waliovunjikiwa chombo na kuoa pale yana heshima yake kama masimulizi. Karatasi za admeri hayawezi kuwa.

Mimi kinachonishangaza ni kwamba tunagombea Malindi na kuiacha Barawa. Barawa imo kwenye jiwe lililochongwa kwa jina la Zheng He, akiwa hai. Na Barawa ni mji wa Chimwini, lahaja ya Kiswahili iliyo kaskazini kuliko zote. Kama ni kutafuta mahali ambapo safari hizi zilikutana na ulimi wetu, pamechongwa tayari. Sema Barawa ipo Somalia, na vita vimewatawanya wenyewe hadi Mombasa, Uingereza na Marekani, basi hakuna wa kuandaa sherehe.

Jiwe la Galle na dini ya mwenye jiwe

Mwaka 1911, mhandisi mmoja katika mji wa Galle, kusini mwa Sri Lanka, aligundua kwamba jiwe lililokuwa limefunika mfereji lina maandishi upande wa chini. Leo lipo makumbusho ya Colombo. Juu limechongwa joka wawili wanaotazamana, na chini yao kuna maandishi katika lugha tatu: Kichina, Kitamil na Kiajemi. Tarehe ni Februari 1409. Jiwe lilitayarishwa China, likabebwa melini.

Ukikisoma Kichina, ni sadaka ya mfalme wa Ming kwa Buddha. Ukisoma Kitamil, sadaka ni ya mungu wa Tenavarai, sura mojawapo ya Vishnu. Ukisoma Kiajemi, utukufu ni wa Uislamu. Sadaka zenyewe zinakaribia kufanana katika lugha zote tatu: vipande 1,000 vya dhahabu, 5,000 vya fedha, hariri, mafuta mazuri, vyombo vya shaba. Kila jamaa wa bandarini asome lake, aone wageni ni wake. Wafanyabiashara wa pwani yetu wangelielewa jiwe hilo bila mkalimani.

Watu wanaotafuta “Zheng He alikuwa wa dini gani hasa” hupata jibu la namna hiyohiyo. Mwaka 1417 alikwenda kufukiza uvumba kwenye makaburi ya Waislamu wa kale huko Quanzhou, akiomba ulinzi kabla ya kwenda Hormuz. Jiwe dogo la kumbukumbu bado lipo. Lakini mwaka 1403 alikuwa amegharamia uchapaji wa maandiko ya Kibuddha, na mwandishi wa dibaji anamtaja kwa jina lake la Kibuddha. Na mawe ya 1431 ni ya Tianfei. Kila kundi limeshika karatasi yake na kusema: huyu wetu. Nadhani swali limekosewa. Maandishi haya mengi ni ya kazi, yalitolewa mbele ya mabaharia ambao kila mmoja alikuwa na wake wa kumwomba. Mtoto wa Haji aliyeingizwa Ikulu kwa kisu alijifunza mapema kusema lugha ya aliye mbele yake. Moyoni mlikuwa na nini, hakuna jiwe la kutuonyesha, isipokuwa pengine mstari ule wa nyuma ya kaburi.

Meli kubwa kiasi gani?

Hapa ndipo kukosekana kwa faili kunapouma zaidi, kwa sababu hesabu za karakana zingekata ubishi kwa ukurasa mmoja. Historia rasmi inasema meli kubwa zilikuwa na urefu wa zhang 44 na upana wa zhang 18, yaani karibu mita 140 kwa mita 56. Uwanja wa mpira wa miguu una mita 105. Mafundi wengi wa meli za mbao wanatikisa kichwa: mbao za urefu huo zingejipinda na kufunguka maungio kwa mawimbi ya bahari kuu. Wapo wanaoshuku kwamba vipimo hivyo vilipitia kwenye riwaya ya mwaka 1597 yenye majini na miujiza tele.

Upande wa pili, mwaka 1957 mhimili wa usukani wenye urefu wa mita 11 ulichimbuliwa kwenye karakana ya zamani ya Nanjing. Na mwaka 2010 likafukuliwa nje ya Nanjing kaburi la Hong Bao, mmoja wa wasaidizi wa Zheng He, na maandishi ya kaburini yanataja meli ya liao 5,000. Kipande cha jiwe cha hekalu la Jinghai, kilichopatikana mwaka 1936, kilitaja liao 2,000. Tatizo ni kwamba liao ni kipimo cha ujazo au cha mbao ambacho wataalamu hawajakubaliana kukigeuza kuwa mita. Ukiniuliza mimi, meli zilikuwa kubwa kuliko chochote Wareno walichokuja nacho Malindi miaka themanini baadaye, na ndogo kuliko zinavyochorwa kwenye mabango. Kati ya hapo, mwenye jibu alilificha Liu Daxia.

Karatasi moja iliyoponyoka

Kuna kitu kimoja kinachofanana na batli. Mwanachuoni wa Suzhou aitwaye Zhu Yunming, aliyezaliwa mwaka 1461, alinakili kwenye kitabu chake cha mambo mchanganyiko ratiba ya safari ya saba. Aliipata kwa nani, hakusema. Ni kurasa chache tu, lakini ukizisoma unasikia tanga likipigwa na upepo.

Walitoka pwani ya Fujian tarehe 12 Januari 1432, na upepo wa kaskazini mashariki, ndugu wa kaskazi yetu, nyuma yao. Machi 7 wakafika Surabaya, kisiwani Java, na hapo wakatia nanga miezi minne wakingoja pepo zigeuke. Julai 24 Palembang. Agosti 3 Malacca, wakakaa mwezi. Novemba 28 Ceylon. Desemba 10 Calicut, siku nne tu, wakaondoka. Januari 17, 1433, Hormuz. Nahodha yeyote wa jahazi aliyewahi kusubiri kusi Lamu akitaka kwenda, na kaskazi Muscat akitaka kurudi, ataitambua ratiba hii kabla hajafika nusu. Meli zinaweza kuwa za mfalme, lakini kalenda ni ya upepo.

Karatasi hiyo inataja pia watu: 27,550. Na inawataja kwa kazi zao. Maofisa na askari. Wasoma dira. Washika usukani. Watu wa nanga. Wakalimani. Makarani wa hesabu. Waganga. Wahunzi wa nanga, maseremala, makalafati, mabaharia. Nilipofika kwa makalafati nilisimama kidogo. Historia rasmi ya kurasa maelfu haikuwaona watu wanaokaa chini ya ubavu wa meli na nyuzi na mafuta wakiziba nyufa. Karatasi ya kuokota imewahesabu.

Machi 9 waliondoka Hormuz. Machi 31 Calicut, ambako walipumzika hadi Aprili 9. Mei 9 Malacca. Julai 7 wakaingia Taicang, karibu na mdomo wa Yangtze, na tarehe 22 wakafika mji mkuu. Siku tano baadaye wakagawiwa mavazi ya heshima na noti za karatasi.

Wapo wanaosema Zheng He alifia Calicut katika mapumziko yale ya mwisho, wakamzika baharini. Wengine wanasema alirudi na kufa Nanjing mwaka 1435. Kaburi lake lililopo kilima cha Niushou, nje ya Nanjing, limejengwa upya mwaka 1985 kwa mtindo wa Kiislamu, na mwili wake haumo. Karatasi ya Zhu Yunming ina kila bandari, kila siku, na idadi ya watu mpaka hamsini ya mwisho. Kama admeri alikuwa ndani ya meli zilizotia nanga Taicang Julai ile, haisemi.